Nimevunjika mara 11, lakini mfupa ulioniliza ni wa sikioni

KAMA kuna siku niliyotamani ardhi ipasuke nizame, basi ni ile Jumamosi jioni ya mwaka 2018, pale kibandani kwangu Tandika. Kazi yangu ni uwakala wa pesa za simu. Nina meza, mwavuli, simu nne na daftari, na biashara yote inategemea kitu kimoja tu: mteja ataje namba, mimi nibonyeze.

Akaja kijana mmoja mtanashati, ananukia manukato, akamwaga noti za elfu kumi mezani. Laki mbili taslimu, anamtumia mama yake Muheza akanunue bati. Akataja namba huku simu nyingine iko sikioni mwake. Nikabonyeza, nikamsomea jina lililotokea, akatikisa kichwa bila hata kunitazama, nikatuma. Robo saa haikupita, huyo karudi, kafura kama mbogo. Mama hajapata kitu! Kuangalia, kumbe yeye alitaja "tisa", mimi nikaandika "sita". Mwenye namba ile, sijui yuko pembe gani ya nchi, alikuwa ameshazitoa zote na simu kazima.

"We dada vipi, kiziwi?" akafoka, watu wakaanza kujaa.

Nami kwa hasira nikamrushia: "Kiziwi mama yako!"

Laki mbili yake nililipa kutoka kwenye mtaji. Usiku nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani, ndipo lile tusi liliponirudia mwenyewe. Mama yake yule kijana anasikia vizuri tu kule Muheza. Mwenye mama kiziwi ni mimi.

'CHUPA' WA TEMEKE

Hebu tuanzie mbali kidogo, maana bila hili hutanielewa. Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu Temeke jina langu lilikuwa Chupa. Wenzangu wakicheza rede au kombolela, mimi nawekwa kwenye mkeka pembeni, na kila anayepita anaambiwa, "Angalia, usimkanyage Chupa."

Nilianza kuvunjika nikiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, ndiyo kwanza najifunza kutembea. Paja la kushoto. Baadaye nikavunjika mkono kwa kuvuta mlango wa kabati uliokwama. Nikavunjika ubavu kwa kupiga chafya, na hapa sitanii. Darasa la tatu mwalimu mmoja alinishika mkono kunitoa kwenye foleni, mfupa ukalia "ko!", na yule maskini nusura apelekwe polisi. Hadi natimiza miaka 15 nilikuwa nimevunjika mara 11 na kufungwa P.O.P. mara 11, na zote wenzangu walizichorachora maua na majina ya wachezaji wa Simba na Yanga.

Alama nyingine niliyokuwa nayo ni macho. Pale ambapo wewe una weupe, mimi nina ubuluu, kama maji ya Kigamboni saa nne asubuhi. Nilipofikia usichana, mabrazameni walinisifia kwa macho hayo mpaka nikaota pembe. Kumbe si urembo bwana. Ule ukuta mweupe wa jicho kwangu ni mwembamba, na kile unachokiona ni weusi wa tabaka la ndani unaochungulia.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la kuvunja ulimi: osteojenesisi impafekta. Wenyewe tunauita OI. Ukitaka kuuelewa bila kwenda shule ya udaktari, mtazame fundi anayemwaga zege. Kwenye zege kuna saruji na kuna nondo. Mfupa nao una saruji yake, ambayo ni madini kama kalisi, na una nondo zake, ambazo ni nyuzi za protini inayoitwa kolajeni. Watu wa OI saruji tunayo, nondo ndiyo tatizo. Wako ambao nondo zao zimepinda tangu kiwandani, na hao huumia sana, wengine huzaliwa tayari wamevunjika. Sisi wa aina ya 1, ambayo ndiyo nyepesi, nondo ni nzuri ila mwili unazitoa karibu nusu tu ya zinazohitajika. Kwa makadirio ya madaktari, mtoto mmoja kati ya kila 15,000 hadi 20,000 huzaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo jiji kama Dar lazima tumo, tumejaa tele.

Mimi nilirithi kwa mama. Mzazi mwenye OI ya namna yetu, kila mtoto anayemzaa ni sawa na kurusha shilingi: kichwa au mwenge. Kaka zangu wawili walipona, mimi shilingi ikaniangukia.

Ilipofika miaka 16, mifupa ikatulia. Wengi wetu wa aina ya 1 ndivyo inavyokuwa, mtu akishabalehe kuvunjika kunapungua sana. Nikavaa viatu vya kisigino, nikacheza muziki, nikapanda daladala kwa kugombania kama mtu mwingine yeyote. Nikajiambia, Chupa imegeuka sufuria.

Hakuna aliyeniambia kwamba mifupa ikishatulia, ndipo masikio yanapoanza.

MAMA NA MARINGO

Mama yangu hakuwahi kwenda kupimwa masikio. Alianza kupoteza usikivu akiwa na miaka kama 28, na alipofika 40 ilibidi umguse bega. Sasa wewe unayejua maisha ya uswahilini, piga picha. Jirani anapita asubuhi, anasema, "Habari za asubuhi Mama Nanihii," kimya. Mtoto wa watu anaamkia shikamoo, kimya. Mgeni anapiga hodi mara tatu kama desturi, anaondoka akisema watu wapo ndani ila wamejifungia wanakula kuku.

Mtaani haikuchukua muda, mama akatungiwa sifa. Ana maringo. Ana kiburi. Kwenye shughuli wakawa hawamwiti. Kuna mama mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa akimwona anakuja, anaupandisha wimbo wa taarabu kwenye redio mpaka mwisho, ule wenye maneno ya kumchoma mwenye kujisikia. Alijisumbua bure, maana mama hakuusikia hata mmoja. Aliyekuwa anausikia ni mimi.

Nami nilikuwa nikilala naapa moyoni, kwamba mimi siwezi kuwa vile.

KUZUGA NI KAZI

Yangu yalianza nikiwa na miaka 22 au 23, taratibu kama mchwa. Na hapa naomba usikilize vizuri, maana dalili zake si zile unazozidhania.

Kwanza, kwenye kelele nilikuwa nasikia vizuri kuliko chumbani! Ndani ya daladala, injini inanguruma, konda anagonga bodi, mimi na mwenzangu tunapiga stori bila tabu. Tukishuka mtaa ukiwa kimya, simpati tena. Siri ni kwamba kwenye kelele watu wote hupaza sauti, na mimi zile kelele nyingine hazinisumbui maana hazinifikii sawasawa. Pili, chakula kilikuwa kinanipigia kelele. Nikitafuna bisi nasikia mashine ya kusaga, mpaka mtu akiniongelesha mezani inabidi niache kutafuna. Tatu, sauti yangu mwenyewe ilinivumia kichwani nikadhani napiga kelele, basi nikaongea polepole, na wateja wakawa wananiambia, "Dada ongeza sauti." Na usiku kuna mlio, sssss, kama redio iliyopoteza stesheni.

Basi nikawa bingwa wa kuzuga. Ukicheka nacheka. Ukikunja uso nakunja. Nilijifunza kusoma midomo bila kufundishwa na mtu, na nilijua kwenye kundi nikae wapi ili mwanga uwapige usoni wao na si mimi. Ubaya wa kuzuga ni pale umeme unapokatika.

Siku hiyo nilikuwa kwa mchumba wangu, giza totoro, tumekaa kwenye kochi. Mwenzangu akasogea, akaninong'oneza jambo. Sauti yake ilijaa mahaba (au ndivyo nilivyodhani), nikaona hapa mambo ni mazuri, nikajibu kwa madaha, "Ndiyo." Kimya. Akauliza tena, nami nikakoleza, "Ndiyo, mpenzi." Jamaa akanyanyuka, akafungua mlango, akaniambia kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia: "Basi nenda kwake!"

Kumbe alikuwa ameuliza, "Una mwanaume mwingine?"

Wiki tatu hatukuongea. Na mimi, badala ya kumwambia ukweli kwamba sikusikia, niliona afadhali anidhanie mhuni kuliko anijue kiziwi. Ndiyo ujinga wa kuzuga huo.

Si kwamba sikwenda hospitali kabisa. Nilikwenda zahanati moja, wakanimulika, wakasema ni nta, wakanipa matone. Nikarudi, matone tena. Mwaka mzima natia matone kwenye sikio ambalo halikuwa na uchafu wowote, na hakuna aliyeniuliza habari za mifupa yangu. Mimi nami sikusema. Ningesemaje? Masikio na mapaja vinahusiana nini?

DAKTARI ALIYEANGALIA MACHO

Baada ya zile laki mbili ndipo nilipokwenda kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Mzee wa makamo, mpole. Kabla hajagusa sikio aliniangalia machoni muda mrefu, nikaanza kuona aibu. Kisha akauliza: "Dada, umevunjika mara ngapi maishani mwako?"

Nilitaka kulia. Miaka yote ile, yeye ndiye wa kwanza kuunganisha.

Akatoa chuma chenye pacha mbili, kama uma wa mezani uliopoteza meno ya katikati. Akakigonga kwenye kiwiko chake kikaanza kuvuma. Alipokiweka mbele ya tundu la sikio, sikusikia kitu. Alipokigusisha kwenye mfupa nyuma ya sikio, mlio ukaingia kichwani kama kengele ya shule. "Umeona?" akasema. "Sikio la ndani bado linafanya kazi. Barabara ya kufikia huko ndiyo imezibwa." Halafu wakaniingiza kwenye chumba kisichopitisha sauti, nikavishwa hedifoni, nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Sikio la kulia lilikuwa linaanzia kusikia kwenye desibeli 60, la kushoto 45. Mtu mwenye masikio mazima huanzia chini ya 20.

Hapa inabidi niwaeleze kuhusu kikuku. Si kile cha mguuni wanachovaa dada zetu, hapana. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna vifupa vitatu vilivyoshikana kama mnyororo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina umbo la kile chuma cha kukanyagia anayepanda farasi, na ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3, ukikiweka juu ya punje ya mchele kinabaki na nafasi. Sauti ikigonga ngoma, nyundo inaitikisa fuawe, fuawe inakisukuma kikuku, na kikuku kinapiga kama pistoni kwenye kidirisha cha sikio la ndani, mahali penye maji na mishipa ya fahamu.

Sasa kwa mtu wa OI, hicho nacho ni mfupa. Miguu yake miwili, myembamba kama uzi, inaweza kulika au kuvunjika bila wewe kujua. Na kile kitako chake kinaweza kuota mfupa usio na mpango na kuganda kwenye kidirisha, kisitikisike tena. Kwa wengine tatizo linaingia mpaka sikio la ndani kabisa, na huko hakuna kisu kinachofika. Kwa hesabu za madaktari, karibu nusu ya watu wazima wenye OI usikivu wao umepungua kwa kiasi fulani, na wengi huanza kati ya miaka 20 na 40. Yaani umri ule ule wa kutafuta kazi, mchumba na maisha.

Na si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1918 madaktari wawili wa Uholanzi, Van der Hoeve na De Kleyn, waliandika kwamba macho ya buluu, mifupa kuvunjika ovyo na uziwi ni ugonjwa mmoja wenye sura tatu. Zaidi ya miaka 100 imepita! Mimi natiwa matone.

Dokta hakunikimbiza kwenye kisu. Alisema nianze na kifaa cha kusikilizia, kile ambacho shuleni hukiita shimesikio, kwa sababu sikio langu la ndani lilikuwa bado zima na kifaa kingenisaidia sana. Nikachangiwa na wenzangu wa kikoba, nikanunua cha sikio la kulia. Na kweli kilisaidia. Lakini mimi nakaa barabarani chini ya mwavuli, na joto la Dar mnalijua. Jasho lilikiingia kikafa, kikatengenezwa, kikafa tena. Na wateja nao: "Dada, toa hizo hedifoni nikutajie namba, acha mambo ya muziki kazini."

Baada ya miezi minane nikarudi kwa dokta nikamwuliza habari ya operesheni.

'USIJIHESABU KWENYE HAO MIA'

Operesheni yenyewe ina historia tamu. Tarehe 1 Mei 1956, siku ya Mei Mosi wenzetu wakiandamana, daktari John Shea wa Memphis kule Marekani, mji huo huo alikozikwa Elvis Presley, alikiondoa kikuku cha mgonjwa wake na kumwekea cha bandia kilichotengenezwa kwa tefloni. Ndiyo, tefloni ile ile ya vikaango visivyogandisha mayai. Tangu hapo maelfu kwa maelfu ya watu wamefanyiwa. Siku hizi wengi hawakiondoi chote. Wanatoa miguu, wanatoboa katundu kwenye kitako, kipenyo hakifiki milimita moja, kisha wanapitisha kapistoni ka tefloni au titani na kukatundika kwenye fuawe.

"Kwa watu wa kawaida," dokta akanieleza, "kati ya wagonjwa 100 wanaopasuliwa na mtu mzoefu, kama mmoja hivi anaweza kupoteza kabisa usikivu wa sikio lile. Lakini wewe usijihesabu kwenye hao mia."

Akanieleza bila kunificha. Kwa watu wa OI damu hutoka zaidi, na ndani ya tundu dogo vile tone moja tu linafunika kila kitu. Kitako cha kikuku kinaweza kuwa kinene na kimelainika, ukigusa kinameguka. Fuawe nayo ni mfupa wa OI, ukiibana na waya wa pistoni kwa nguvu inakatika. Halafu hata mambo yakienda vizuri, sikio la ndani linaweza kuja kuchoka lenyewe miaka ya mbele, na hapo pistoni haina kosa. Na nikifikia kiziwi kabisa? Akasema kuna kifaa cha kupandikizwa ndani ya koklea, ambacho Muhimbili walianza kukipandikiza mwaka 2017, lakini kwetu sisi nacho kina vituko vyake. Mfupa unaoizunguka koklea ukiwa kama sifongo, nyaya zinaweza kupotea njia, au umeme ukavujia kwenye mshipa wa uso, ukawa unasikia huku shavu linachezacheza.

"Tunaanza na sikio lililo baya zaidi," akamaliza. "Likiharibika, limeharibika lililokuwa limeshaharibika. Zuri hatuligusi."

Nilimpelekea mama habari hizo. Tulikuwa tunaongea kwa mimi kumsogelea usoni na kutamka kila neno. Akanitazama, akasema kwa ile sauti yake ndogo: "Mwanangu, mifupa yako mingine ilivunjika yenyewe. Huu unataka kuupeleka ukavunjwe kwa hiari?"

Sikuwa na jibu. Nililia usiku ule kuliko siku niliyovunjika paja. Nikisema ndiyo naweza kuamka kiziwi wa sikio moja, nikisema hapana najiona nimeketi mlangoni kama mama, watu wanapita wakinisema. Yule mchumba, ambaye wakati huo nilishamweleza yote na tukacheka mpaka machozi, alisema uamuzi ni wangu. Maneno mazuri, lakini wakati mwingine unatamani mtu akuamulie.

NUSU KAPUTI

Niliingia chumba cha upasuaji mwaka 2019, wiki chache baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Utaona kwa nini nakumbuka.

Kilichonitisha zaidi hakikuwa sikio, ni shingo na mikono. Ukishapigwa nusu kaputi huwezi kumwambia mtu "usinivute". Nikachukua karatasi kubwa, nikaandika kwa maka peni: MIFUPA YANGU INAVUNJIKA. NIINUENI, MSINIVUTE. Nikaibandika kifuani. Sista mmoja akacheka, lakini dokta wa usingizi hakucheka. Aliisoma, akaomba mto wa kuzuia shingo, akaagiza kile kitambaa cha kupimia presha kisikazwe kupita kiasi, na akayakagua meno yangu kabla ya kupitisha mpira, maana ya wenzetu wengine wa OI nayo hukatika kirahisi. Ningekuwa na uwezo ningemkumbatia.

Ilipangwa saa moja, ikawa karibu mawili. Baadaye dokta alinisimulia kwamba mguu mmoja wa kikuku ulikuwa umeshakatika siku nyingi, na kitako kilikuwa kama chaki iliyolowa. Alikitoboa kwa kusubirisubiri damu, na waya wa pistoni aliubana, kwa maneno yake mwenyewe, "kwa kuubembeleza".

Niliamka dunia inazunguka. Siku tatu nikigeuza kichwa nyumba nzima inageuka nami. Kwenye ulimi nikawa na ladha kama nimelamba sarafu ya mia, maana mshipa wa ladha hupita humo humo sikioni, na hali hiyo ilidumu miezi miwili. Wali, chai, ndizi, vyote sarafu. Masharti mengine: usipenge kamasi kwa nguvu, usinyanyue ndoo, maji yasiingie sikioni, na ukipiga chafya fungua mdomo. Mimi na chafya tuna historia, kwa hiyo kila pua ikiniwasha nilikuwa natafuta mahali pa kukaa.

Wiki ya pili wakatoa zile pamba. Sikusikia muziki wa malaika wala nini. Nilitoka nje, nikanunua maandazi kwa mama mmoja getini, naye kwa sababu rambo zilishapigwa marufuku akanifungia kwenye gazeti. Akalikunja. Jamani! Nilishtuka nikaruka nyuma, nikadhani kuna kitu kinaungua. Lilikuwa ni gazeti tu. Miaka sita sikujua kwamba karatasi ikikunjwa inapiga kelele. Nilisimama pale nalikunja na kulikunjua, yule mama ananitazama, mpaka maandazi yakapoa.

Vipimo vya mwezi wa tatu vilionyesha sikio la kulia limetoka 60 hadi 30. Si zima, ila namba ya simu naipata. Tangu siku hiyo sijarudia kosa la "sita" na "tisa", ingawa bado namsomea mteja namba mara mbili na anayetikisa kichwa tu simtumii.

Sitaki mdhani kila kitu kimekuwa asali. Baada ya miaka mitatu lile sikio limeshuka hadi 38. Dokta aliangalia akasema pistoni iko palepale, ni sikio la ndani linaloondoka kidogokidogo. Sikio la kushoto nimekataa lisiguswe, nalivalisha kifaa, na jasho likizidi nakivua nakitia kwenye kikopo chenye zile punje za kunyonya unyevu. Kuna dada mmoja mwenye OI niliyefahamiana naye kliniki, yeye alipasuliwa na hakupata nafuu yoyote, na kizunguzungu kilimkaa muda mrefu. Ugonjwa ni ule ule, operesheni ni ile ile. Mtu akikwambia nenda kapasuliwe kwa sababu fulani alipona, mwambie kuna na fulani mwingine.

Yule mchumba nilifunga naye ndoa mwaka 2020, na mwaka uliofuata tukapata binti. Shilingi ikarushwa. Nilimfunua macho siku ya kwanza wodini, na yalikuwa ya buluu. Ameshavunjika mara mbili. Kwa watoto wadogo masikio mara nyingi huwa bado mazima, lakini inashauriwa apimwe kabla ya kuanza shule, halafu arudiwe kila baada ya miaka michache hata kama halalamiki, maana mtoto hajui kwamba hasikii. Tulimpeleka. Alivishwa hedifoni kubwa kuliko kichwa chake, akawa anadondosha kipande cha plastiki ndooni kila akisikia mlio. Alidondosha vyote. Nilivihesabu.

Mama alikataa kisu moja kwa moja, lakini siku niliyompeleka binti nilimdanganya kwamba tunakwenda wote kumsindikiza mjukuu, nikamkalisha naye kwenye kile chumba. Alinuna, kisha akapima. Sasa anavaa vifaa viwili. Siku ya kwanza aliketi mlangoni kama kawaida yake, anachambua mchele. Akapita yule mama wa nyumba ya tatu, yule wa taarabu, sasa kazeeka na bakora mkononi. Kwa mazoea tu, bila kutegemea lolote, akasema, "Habari za hapa?"

"Nzuri, za kwako?" mama akajibu.

Yule bibi alisimama, akageuka nyuma kutazama nani amejibu.